Raki ya gita

Raki ya gita ni fremu ya chuma au sanduku la mbao linalobeba vifaa vya kuchakata na kukuza sauti ya gita la umeme, vikiwa vimefungwa kwa skrubu upande wa mbele. Paneli zake zina upana wa inchi 19, kipimo kilichorithiwa kutoka mitambo ya simu ya Marekani. Kimo huhesabiwa kwa yuniti za milimita 44.45. Mtindo huu ulivuma kwa wapiga rock wa miaka ya 1980.

Raki ya anayeanza huhitaji priampu (kikuzaji cha awali cha sauti), kifaa cha mwangwi na amplifaya ya nguvu inayolisha spika, kwa mpangilio huo. Uangalifu mkubwa unatakiwa kwenye nyaya. Waya wa gita na wa spika huishia kwenye jeki ileile ya milimita 6.35, lakini wa gita una uzi mwembamba uliozingirwa na wavu wa kuzuia mvumo, na wa spika una nyaya mbili nene zisizo na wavu. Kuzibadilishana nyaya hizo ni kosa kubwa. Pia, amplifaya ya valvu ikiwashwa bila spika, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Kuhusu umeme wa kuendesha raki, Kenya hutumia volti 240, hezi 50. Kifaa cha Marekani cha volti 120 pekee huhitaji transfoma ya kushusha. Waya wa ethi haukatwi kamwe ili kuondoa mvumo: ndio unaomlinda mpigaji asipigwe na umeme.