Umeme tuli: Sweta inapompiga mtoto shoti, je, uogope?

Unamvua mtoto sweta usiku, unasikia mlio mdogo kama wa karatasi inayokunjwa. Nywele zake zinasimama. Ukimshika mkono, nyote wawili mnashtuka kama mmechomwa na sindano. Huo ni umeme tuli. Si ugonjwa, na kwa kawaida haumdhuru mtoto. Lakini ipo shoti nyingine nyumbani ambayo mwanzoni inaweza kufanana nao, na hiyo inaweza kuua. Ni muhimu kila mama na mlezi ajue kuzitofautisha.

Umeme tuli hutokeaje?

Kila kitu, pamoja na mwili wa mtoto wako, kimeundwa na chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Ndani ya atomu kuna protoni zenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi. Kwa kawaida idadi yake ni sawa, kwa hiyo hatuhisi umeme wowote.

Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, elektroni zinaweza kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Vikisuguana, zinahama nyingi zaidi. Ukichana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kitana huchukua elektroni na kuwa na chaji hasi. Nywele hubaki na chaji chanya. Chaji zinazofanana husukumana, ndiyo maana kila unywele husimama peke yake.

Umeme huu huitwa tuli kwa sababu umetulia mahali pamoja; haupiti kwenye waya. Mtoto akigusa kitasa cha chuma au mkono wako, chaji huruka mara moja. Hapo ndipo mnasikia mlio na kuhisi mchomo.

Kwa nini hutokea zaidi siku fulani?

Hewa yenye unyevu huacha utando mwembamba wa maji juu ya vitu, na chaji hupotelea humo. Hewa ikiwa kavu, chaji hujikusanya. Ndiyo maana familia za Mombasa, Tanga au Unguja huuona kwa nadra, lakini za Dodoma wakati wa kiangazi huuona mara nyingi zaidi. Nguo na mablanketi ya nailoni, poliesta au akriliki huongeza hali hii. Pamba huipunguza.

Je, unamdhuru mtoto?

Cheche ya umeme tuli inaweza kufika volti elfu kadhaa, wakati soketi ya ukutani ina volti 230 au 240 tu. Lakini volti pekee hazitoshi kuleta madhara. Fikiria tone moja la maji linaloanguka kutoka ghorofani: limetoka juu sana, lakini ni tone tu. Umeme wa soketi ni kama bomba lililofunguliwa: unaendelea kutiririka mwilini, na unaweza kusimamisha moyo.

Jinsi ya kutofautisha

Huenda ni umeme tuli ikiwa:
• mchomo ni mmoja tu, unaisha papo hapo;
• ulitokea baada ya kuvua nguo, kucheza kwenye blanketi au kuinuka kwenye kiti cha plastiki;
• hewa ni kavu.

Huenda ni umeme unaovuja ikiwa:
• friji, pasi, jiko la umeme au bomba la maji linamtetemesha mtu kila anapoligusa;
• mtetemo unaendelea muda wote mkono ukiwa pale;
• unazidi mtu akiwa peku au akiwa na mikono iliyolowa;
• unakoma umeme ukizimwa.

Mtoto akikwambia, "Mama, friji inanitetemesha," usimjibu kwamba ni kawaida. Pia usiguse tena ili kuhakikisha. Zima swichi kuu, waweke watoto mbali, na mwite fundi umeme. Huenda waya umechubuka, maji yameingia, au nyumba haina waya wa kupeleka umeme ardhini.

Tahadhari na petroli

Hapa cheche ndogo ya umeme tuli inaweza kuleta hatari kubwa. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ambayo mkono wako hauhisi kabisa. Ukinunua petroli ya jenereta au pikipiki, tumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta, na kiwekwe chini ardhini wakati wa kujazwa, si ndani ya gari. Usimtume mtoto petroli, na usiihifadhi anapolala au mnapopikia.

Kupunguza umeme tuli nyumbani

• Mvalishe mtoto nguo za pamba karibu na ngozi.
• Mpake mafuta. Ngozi iliyolainika haikusanyi chaji kwa urahisi.
• Lowesha nywele kidogo kabla ya kuzichana, au tumia kitana cha mbao.

Mtoto akiogopa, sugua puto kwenye nywele zake kavu kisha ulibandike ukutani. Akiona linavyong'ang'ania, hofu hugeuka kuwa mchezo. Lakini mwambie wazi: mchezo huu ni wa puto, kamwe si wa soketi.

Mtoto akinaswa na umeme wa nyumbani

1. Usimguse kwa mikono. Umeme utakupitia na wewe.
2. Zima swichi kuu mara moja.
3. Ukishindwa kuizima, simama mahali pakavu na umsukume mbali kwa kitu kikavu kisicho cha chuma, kama fimbo ya ufagio au kiti cha plastiki.
4. Akishatengana na umeme, angalia kama anapumua. Ikiwa hapumui, piga kelele uletewe msaada, na anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi kama umefundishwa.
5. Mpeleke hospitali hata kama kidonda ni kidogo na anasema hajambo. Umeme unaweza kuunguza misuli na kuvuruga mapigo ya moyo bila alama kubwa kwenye ngozi.

Mchomo wa sweta hauhitaji dawa. Mkumbatie tu, mcheke pamoja, alale.