Jembe la Bibi wa Buganda

Katika darasa moja la Kiswahili hapa Kyambogo, mwanafunzi aliandika insha juu ya bibi yake, mama mzaa baba, Mkatoliki aliyeishi shambani hadi uzeeni. Sentensi moja ilisema: "Bibi hakuwa na kazi, alilima tu." Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Kihistoria imepotoka, na upotofu wake umo katika kijineno kimoja, yaani "tu".

Yafaa ieleweke kwamba katika Buganda ya zamani kilimo cha chakula kilikuwa kazi ya mwanamke. Mwanamume alijenga nyumba, alitwanga magome ya mti uitwao mutuba kuwa nguo, tena alikwenda vitani au kumtumikia mtemi wake. Shamba la migomba, ambalo Waganda huliita lusuku, lilikuwa mikononi mwa mke. Basi kumwita mwanamke huyo "mke wa mkulima" ni kugeuza mambo, kwa maana mkulima alikuwa yeye mwenyewe.

Kazi hiyo ilidai elimu. Katika kila shina mkulima stadi huacha migomba mitatu: mama, mtoto na mjukuu. Mama akiisha kuzaa mkungu hukatwa, mtoto akashika nafasi yake, na mjukuu akaanza kukua. Machipukizi mengine huondolewa yasije yakanyang'anyana chakula. Majani makavu hutandazwa chini ili udongo usikauke wala magugu yasiote. Shamba lililotunzwa hivyo huweza kulisha watu kwa miaka mingi, hata aliyelipanda akafariki likiwa bado lazaa.

Sasa tuitazame historia kwa macho ya mkulima huyo. Tuseme alizaliwa mwaka 1900. Wamisionari Wakatoliki wa kwanza, Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans, walikuwa wamekwisha kufika tangu Februari 1879. Na mashahidi wa Namugongo walikuwa wamekwisha kuuawa mwaka 1886. Kwake dini ilikuwa katekisimo, rozari, na jembe lililopumzishwa siku ya Jumapili.

Mwaka ule ule wa 1900 ulitiwa sahihi mkataba uliogawa ardhi ya Buganda kwa maili. Wakubwa walipata hati, na wakulima wengi wakawa wapangaji. Miaka michache baadaye ililetwa mbegu ya pamba. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na pamba ndiyo iliyoleta fedha. Hivyo mwanamke akaongezewa shamba la pili pasipo kupunguziwa la kwanza. Kisha kahawa ikashika nafasi kubwa. Aghalabu mwenye kupokea malipo alikuwa mume, ingawa mikono ya mke ilikuwa imepalilia na kuvuna.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda kuwa watakatifu, na mwaka 1969 alifika Uganda mwenyewe. Bibi wetu wakati huo alikuwa na umri wa karibu miaka sabini. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, na katika miaka iliyofuata sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Hapo ndipo wengi wa mjini walipokumbuka njia ya kijijini, kwa kuwa duka lilikuwa tupu lakini mgomba ulizaa. Vita vya Luwero vya miaka ya 1981 hadi 1986 viliwaondoa hata wakulima wengi katika mashamba yao, na waliorudi walilazimika kufyeka upya.

Jambo moja halikubadilika upesi. Mwanamke aliweza kulima kipande kimoja kwa miaka hamsini, na jina lake lisionekane katika karatasi yoyote ya ardhi. Mume akifa, mjane aliweza kuwa mgeni katika shamba alilolipanda yeye. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliweka sharti kwamba ardhi ambayo familia huishi na kujipatia riziki isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Hiyo ni hatua. Lakini sheria haimfai mtu ambaye hata wajukuu wake huamini kwamba hakuwa na kazi.

Ndugu walimu, hapa twahusika sisi. Mtoto huuliza kazi ya mama yake iandikwe vipi, nasi humwambia aandike "hana". Tumwambie aandike "mkulima". Aidha tumtume kwa bibi yake, akiwa angali hai, akamwulize alipewa shamba lini, alipanda nini, alivuna kwa ajili ya nani, akayaandike majibu pamoja na miaka yake. Insha ya namna hiyo itamfunza Kiswahili, na tena itaokoa historia ambayo haimo katika vitabu.

Nilipoirudisha insha ile, nilikuwa nimekata neno moja kwa wino mwekundu, na pembeni nimeandika swali: "Alilima kwa miaka mingapi?"