Unyoya wa Jogoo Mweupe: Chambo cha Manyoya katika Historia na katika Ukoo Wetu

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati, Dubai, London na kwingineko: katika droo ya meza yangu hapa Portsmouth mna kikopo cha bati kilichokuwa cha tembe za kikohozi. Ndani yake mna ndoana moja tu. Shina lake limezungushiwa uzi mwekundu, na manyoya mawili meupe ya shingo ya jogoo yamefungwa pembeni, moja huku na moja huku. Aliyeifunga ni marehemu baba yangu, jikoni petu, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya kufariki dunia. Ni ndoana pekee niliyomwona akiifunga. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Mimi nilianza kuvua mtoni nikiwa mtu mzima. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Hampshire, alinichukua siku moja ya mwezi wa Mei hadi mto Meon, mmojawapo wa ile mito ya kusini mwa Uingereza inayobubujika kutoka katika miamba ya chokaa, maji yake maangavu hata ukiona kokoto chini. Samaki wanaotafutwa huko ni trauti. Chakula chao ni wadudu wadogo wanaokulia chini ya maji, kisha hupanda juu, wakaota mabawa na kuishi siku moja au mbili. Waingereza huigiza wadudu hao kwa manyoya na uzi juu ya ndoana, nao huita kitu hicho nzi. Mimi nitakiita chambo cha manyoya, kwani hivyo ndivyo kilivyo.

Uvuvi huu una tofauti moja na ule wa kwetu wa mshipi. Mvuvi wa baharini hufunga risasi, na uzito wa risasi ndio upelekao mshipi chini. Chambo cha manyoya hakina uzito wowote. Ukikirusha peke yake kitakurudia usoni. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio hufanywa mzito, nao hurushwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu unaopindika, hata ukanyooka hewani na kukitua chambo juu ya maji kama kilichoanguka chenyewe. Ilinichukua msimu mzima kujua kurusha, na miaka mitatu kujua kufunga.

Kufunga ni kazi ya majira ya baridi. Ndoana hubanwa katika jiliwa ndogo. Uzi wa hariri hupakwa nta, ukazungushwa kutoka jichoni mwa ndoana hadi mkiani. Kisha hutiwa manyoya ya ndege au vinyweleo vya mnyama. Hapo ndipo uvuvi unaposhikana na uwindaji, wala havitenganiki. Hapa Uingereza msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti huanza tarehe 1 Oktoba na kwisha tarehe 1 Februari. Nyama huenda chunguni, mkia huenda kwa mfungaji. Sungura aliyeliwa Desemba, vinyweleo vya sikio lake vitakuwa mdudu wa mtoni mwezi Aprili. Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, alibuni chambo ambacho leo kinajulikana duniani kote kwa nyuzi chache za mkia wa fezanti na waya mwembamba wa shaba, bila uzi kabisa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Hakuwa bwana mkubwa mwenye ardhi. Alikuwa mtu wa kuajiriwa aliyeutazama mto kila siku.

Nilidhani wakati huo kwamba nimejifunza jambo la Waingereza. Vitabu ndivyo vilivyonitoa katika dhana hiyo. Habari ya kale inayotajwa sana kuhusu chambo cha manyoya haitoki Uingereza. Imo katika kitabu cha Aelian, mwandishi Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki takriban mwaka 200 baada ya Kristo. Anaeleza juu ya watu wa Makedonia waliovua samaki wenye madoadoa katika mto uitwao Astraeus. Samaki hao walimpenda mdudu fulani aliyeruka juu ya maji, lakini wavuvi hawakuweza kumtumia mdudu mwenyewe, kwa kuwa akishikwa na mkono wa mtu rangi humtoka na mabawa hunyauka. Basi wakaizungushia ndoana sufu nyekundu, na juu yake wakafunga manyoya mawili yanayoota chini ya undu wa jogoo, yenye rangi ya nta. Ufito wao ulikuwa wa futi sita, na mshipi wa urefu huohuo.

Naomba msomaji aikumbuke sufu hiyo nyekundu.

Uingereza yenyewe iliingia katika maandishi mwaka 1496, pale mpiga chapa Wynkyn de Worde alipotoa risala ya uvuvi wa ndoana ambayo kwa desturi huhusishwa na mtawa aitwaye Juliana Berners, ingawa wanazuoni wana shaka. Risala hiyo haikutoka peke yake. Iliunganishwa katika juzuu moja na mafunzo ya kuwinda kwa mwewe na kuwinda wanyama. Jamaa zetu wa Ghuba, ambao bado wanauheshimu uwindaji wa mwewe, watauelewa mpangilio huo bila kuelezwa. Mwaka 1653 kilitoka kitabu cha Izaak Walton, ambaye kaburi lake limo katika kanisa kuu la Winchester, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mlangoni kwangu. Karne ya 19 ilileta masharti. Frederic Halford, katika kitabu chake cha mwaka 1886, alishikilia chambo kinachoelea juu ya maji, na wafuasi wake wakaona kuwa njia nyingine yoyote ni ya aibu. G. E. M. Skues, mwanasheria aliyevua mto Itchen, akajibu mwaka 1910 kwamba trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu, na asiyekubali hilo anagombana na samaki. Ugomvi huo wa mabwana wawili bado unaendelea kwenye kingo za mito.

Hivyo ndivyo ujanja wa mtu mwenye njaa ulivyogeuka kuwa ada ya watu wenye nafasi. Mito ya Uingereza ina wenyewe: haki ya kuvua ni ya mwenye ukingo, na mgeni hulipa. Kisha ada hiyo ikapanda meli. Manyoya ya vyambo vya samaki wa samoni, vilivyoelezwa kwa kirefu katika kitabu cha George Kelson cha mwaka 1895, yalikusanywa kutoka kila pembe ya dola: majogoo wa mwituni wa Bara Hindi, kasuku wakubwa wa Amerika, mbuni wa Afrika. Biashara ya manyoya, ambayo kofia za mabibi ziliimeza kuliko ndoana, iliwamaliza ndege hata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia uingizaji wake mwaka 1921.

Mwaka 1905 ada hiyo ilifika pwani yetu. Ewart Grogan, aliyekuwa amejulikana kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, aliagiza mayai ya trauti wa Loch Leven, Uskoti, ili yapandikizwe katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mayai hayo yalikuja kwa meli, yakapandishwa reli, kisha yakachukuliwa na wapagazi hadi mlimani. Kila ninapoisoma habari hiyo nawafikiria mahamali wa Mombasa. Mzigo mdogo wa baridi, usioruhusiwa kupata joto, umeshushwa bandarini katika jua la pwani. Sidhani kuna aliyewaeleza wabebaji kwamba wamebeba samaki. Trauti walistawi. Na Grogan huyohuyo, mwezi wa Machi 1907, aliwachapa viboko hadharani vijana wa Kikikuyu waliokokota rikisho, mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi. Naliandika hili kwa sababu vitabu vya uvuvi humtaja kwa samaki peke yake.

Sheria za wanyamapori za kikoloni zilifuata njia hiyo. Aliyewinda kwa leseni na bunduki aliitwa mwanamichezo; aliyewinda kwa upinde ili ale aliitwa jangili. Lakini tusijitakase. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu, na misafara iliyozileta iliongozwa na watu wenye majina kama yetu, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, akiwa mmoja wao. Pembe zilikwenda hadi Connecticut, Marekani, zikatengenezwa vibonyezo vya piano, na wanadamu waliuzwa katika njia zilezile. Uwindaji wetu haukuwa safi kuliko wao. Nasema tu kwamba kila historia ya uwindaji humficha mbebaji.

Sasa nirudi jikoni. Baba aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na tangu hapo hakuipenda habari ya bahari. Tuliishi Portsmouth, tumezungukwa na maji, wala sikumwona akienda ufukweni ila kwa dharura. Siku moja nilileta nyumbani trauti wawili, nikaacha kisanduku changu cha vyambo mezani. Nikamwambia kwa fahari kwamba nilikuwa nimevua sita, nikawarudisha wanne majini wakiwa hai, kama ilivyo desturi ya wengi siku hizi. Akanitazama.

“Uliwarudisha kwa nini? Walikuwa wadogo?”

“La, baba. Walinitosha wawili.”

“Basi wale wanne uliwaudhi kwa nini? Kiumbe hafanywi mchezo, mwanangu.”

Nilikuwa na majibu mengi: kwamba ndoana haina kijino, kwamba samaki haumii sana, kwamba mto unahifadhiwa hivyo. Sikuyatoa. Yeye alikuwa amekwisha kukifungua kisanduku. Alichagua chambo cheupe, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema kwamba babu alikuwa akifunga hivi huko Nungwi, kwa jogoo mweupe na uzi mwekundu, akakiburura nyuma ya ngalawa kuwatafuta nguru. Akaomba ndoana na uzi. Jiliwa hakuitaka. Aliishika ndoana kwa kucha za mkono wa kushoto, akauweka uzi mdomoni kuukaza, na vidole vyake, ambavyo kwa miaka arubaini na sita vilikuwa vimeshika kalamu ya ofisini, vikazunguka bila kusita. Aliponikabidhi alisema, “Ya babu yako ilikuwa nzuri kuliko hii,” akaenda kusali Alasiri.

Ndipo nilipokumbuka sufu nyekundu ya Makedonia. Sisemi kwamba babu aliipata kwa Wagiriki, wala Wagiriki kwa watu wa pwani. Mtu mwenye jogoo, uzi na njaa atayafikia hayo popote alipo. Nasema kwamba nililipa ada, nikasoma vitabu, nikajifunza kwa wageni kwa miaka, ilhali ufundi ulikuwa umekaa kimya mezani petu kwa muda wote huo, na sikuuliza. Nilimdhania baba kuwa mtu asiyejua.

Jambo moja limebadilika tangu siku ile. Sivui tena mahali palipowekwa sharti la kurudisha kila samaki. Navua panaporuhusiwa kuchukua. Nikipata wawili nafunga ufito, nakwenda nyumbani kupika. Rafiki yangu wa Hampshire huniona mkaidi. Tumekubaliana kutokubaliana, naye huniletea mikia ya fezanti kila Januari.

Swali langu nalileta kwenu, hasa kwa wazee. Je, uzi mwekundu ulikuwa desturi ya wavuvi wote wa Nungwi na Tumbatu, au ulikuwa wa babu peke yake? Nilikusudia kumuuliza baba. Nikaahirisha hadi Idi, na Idi ile hakuiona. Aliyewahi kuketi katika ngalawa na marehemu babu, au kusikia kwa aliyeketi, na aniandikie. Na mwenye mzee nyumbani asingoje Idi.