S# Sio Turbo ya Pili: Venye Modi za Subaru XT Zinachezea Injini Yako

Simama Masimba jioni yoyote, utaskia Forester XT ikitoka kwa tuta. Dere anabonyeza kitufe kwa usukani, herufi kwa dashibodi inatoka I inakuwa S#, sauti inapanda na ndai inaruka mbele. Abiria anasema, "Buda, umewasha turbo!" Zii. Turbo ilikuwa kazini toka injini iliposhika. Kenye ameguza ni kitu ingine kabisa, na usipojua ni gani, unaeza nunua turbo mpya bure, ama ulipie kitu ghali kuliko turbo.

Binamu yangu karibu alipie zote mbili. Alikuwa anatoka Kayole kuelekea Tala na Kangundo Road, lori ya mchanga iko mbele. Yeye kawaida anaendesha na S#, lakini hiyo siku alikuwa anabana mafuta, akaweka I. Akatokea kupita lori, akakanyaga nusu pedali vile amezoea, na gari ikamwangalia tu. Probox nayo inakuja. Alirudi nyuma ya lori na mikono inatetemeka. Kesho yake fundi mmoja akamwambia turbo imekufa, atafute ingine. Fundi wa pili aliingia, akabonyeza S, akazunguka mtaa mara moja, akamrudishia funguo. Hakukuwa na kitu imeharibika. Dere ndio hakujua gari yake.

Mimi niliacha chuo kabla sijafika somo la maana, so hii yote nimeitoa kwa vitabu vya gari na kwa kukaa gereji nikisumbua wasee na maswali. Lakini ukiielewa mara moja, haikutoki.

Mguu wako unahitaji mkalimani

Mfumo wenyewe unaitwa SI-Drive. Subaru waliuleta 2006 kwa Legacy. Kwa Forester, ile tutaongelea hapa ni SJG, XT ya kuanzia mwisho wa 2012 hadi 2018, injini ya FA20 ya lita 2.0, nguvu farasi 280 kwa toleo la Japani. Usiichanganye na SJ5. Hiyo inafanana nayo kwa mwili lakini haina turbo, na modi zake ni mbili tu, I na S, kwa zile ziko na SI-Drive. Wauzaji wengine hupenda kusahau hiyo herufi moja.

Magari ya zamani yalikuwa na kebo ya chuma kutoka kwa pedali hadi kwa kilango cha hewa ya injini. Ukikanyaga nusu, kilango kinafunguka nusu. SJG haina hiyo kebo. Pedali ni sensa. Inaambia kompyuta "huyu msee amekanyaga kiasi hiki", alafu kompyuta ndio inaamua kilango kifunguke aje na giaboksi ifanye nini. Modi ni mkalimani. Mguu unasema maneno yale yale, tafsiri ndio inabadilika.

Kwa I, tafsiri ni ya upole. Nusu pedali inachukuliwa kama ombi dogo. Kwa S, unachoomba ndio karibu unachopata. Kwa S#, mguu ukiguza tu pedali, kompyuta inaskia kama umepiga kelele. Hiyo ndio inafanya watu waape gari imeongezeka nguvu. Haijaongezeka. Kanyaga hadi sakafu kwa S, alafu kwa S#, mafarasi ni wale wale 280, ni venye wanatoka zizini ndio tofauti. I ndio inaeza kubana: kwa ile Legacy ya turbo ya 2006, I ilikuwa inapunguza nguvu yenyewe, si tafsiri peke yake.

Sasa ingiza turbo

Turbo ni propela mbili kwa ekseli moja. Moshi unaotoka kwa injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa mingi, mafuta mingi, nguvu mingi. Lakini moshi ukiwa kidogo, propela inazunguka kivivu na presha haijengeki. Ndio maana ya ile sekunde ya kungoja kabla gari iamke.

SJG inatoa nguvu yake yote ya kusokota, Nm 350, kuanzia mizunguko 2,000 hadi 5,600 kwa dakika. Shika hiyo namba 2,000. Giaboksi ya hii ndai ni CVT, haina gia za kawaida, ni mnyororo kati ya puli mbili, so inaeza chagua mizunguko yoyote inataka. Ukiwa kwa I na mguu mwepesi, inapenda kulaza injini chini kabisa ili iokoe mafuta, mara nyingi chini ya hiyo 2,000. Pale ukitaka kupita lori, kuna vitu tatu za kungoja: mkalimani mpole, giaboksi ipandishe mizunguko, alafu turbo ijenge presha. Zote kwa foleni moja, na Probox haingoji.

S# inaua hiyo foleni. Giaboksi inajifanya iko na hatua 8 na inashikilia mizunguko juu, so propela tayari inazunguka na moshi uko wa kutosha. Ukiguza, iko. Bei ya hiyo raha ni mafuta, ju injini inazunguka sana hata ukiwa unaenda kasi ile ile. Kuendesha S# kwa jam ya Kayole Junction ni kuchoma doh ukiwa umesimama, na gari inakuwa ya kurukaruka hadi abiria wa nyuma anashika kiti.

Kuna kitu ingine watu wa Nairobi wanasahau. Sisi tuko juu, kama mita 1,700 kutoka bahari. Presha ya hewa hapa iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Gari bila turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Ya turbo inajitetea kwa kuzungusha propela haraka zaidi kujaza pengo. Poa, lakini inafanya kazi zaidi, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, na kungoja kule chini kunakuwa kurefu kidogo. Ukisoma msee wa Japani akisema XT yake haichelewi hata kwa I, kumbuka anaendesha wapi.

Na mafuta pia. Fungua kifuniko cha tangi uangalie kibandiko cha Kijapani. XT imeandikiwa petroli ya premium, na premium ya Japani inaanzia RON 96, kwa pampu nyingi ni 100. Ukiweka ya chini, sensa inaskia injini ikigonga, kompyuta inachelewesha plagi kuwasha ili isivunje kitu. Hapo nguvu inapungua, na hakuna modi itairudisha. So msee anayeweka mafuta ya bei rahisi alafu anaishi kwa S# anajichezea tu.

Zile za wenyewe

Golf GTI ya kizazi cha saba iko na Eco, Normal na Sport, na kwa Eco giaboksi ya DSG inaeza jiachilia ukitoa mguu, gari iteleze. Sehemu ya sauti unaskia ndani inatoka kwa kifaa kimefungwa karibu na kioo cha mbele, so usipime nguvu na masikio. Mercedes C-Class ya W205 iko na Eco, Comfort, Sport na Sport+. Wazo ni lile lile.

X-Mode ya Forester ni story tofauti. Hiyo ni ya matope na miteremko, inajizima ukifika kilomita 40 kwa saa. Nimeona msee akiibonyeza kwa tarmac akitarajia maajabu.

Venye ningetumia kama ingekuwa yangu

Asubuhi injini ikiwa baridi, I. Propela ya turbo inaeza pita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kitu pekee kinaizuia isile chuma ni oili. Oili baridi ni nzito na haifiki haraka. Kutoka keja ukikanyaga sana saa kumi na moja asubuhi ndio kunaua turbo polepole, na utalaumu gari.

Spine Road na matuta zake, I. Kangundo Road ukiwa nyuma ya lori, weka S kabla hujachungulia, sio ukiwa tayari kwa leni ya wenyewe. S# iache kwa milima na barabara wazi. Ukikaribia nyumbani, kilomita ya mwisho rudi I uende taratibu, turbo ipoe ikiwa bado inapata oili. Turbo hii inapozwa na maji pia, so usiuziwe kile kifaa cha kuacha injini ikinguruma dakika tano kwa parking.

Kama unanunua, hapa ndio uwe rada. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingia, na SJG iliacha kutengenezwa 2018. So nyingi utapata zishaendeshwa hapa, na huwezi jua mwenye alikuwa nayo aliishi kwa modi gani. Pima oili kabla injini iwashwe. Ipashe moto, alafu jaribu modi zote tatu ukishikilia pedali mahali pamoja. Kati ya I na S# lazima uskie tofauti kubwa. Ikikataa kubadilika, angalia kama taa ya injini imewaka, ju ikiwaka, SI-Drive hujifungia. Na kama hiyo taa haionekani hata pale unapoweka funguo kabla ya kuwasha, mtu ameitoa.