Mwanga Unaosukuma

Nilikuwa darasa la sita mdogo wangu alipolazwa kwa malaria ya kichwani. Daktari alimwambia mama kwamba damu haipiti vizuri kwenye ubongo. Nikabaki najiuliza: damu si maji? Inakwamaje?

Jibu nimelipata ukubwani, na aliyenifungulia njia wala hakuwa daktari. Arthur Ashkin alikuwa mwanafizikia wa Bell Labs, Marekani. Alishikilia wazo ambalo Kepler alilidokeza mwaka 1619 kwa kutazama mikia ya kometi: kwamba mwanga husukuma. Hebu jimulike tochi kiganjani, ndugu msomaji. Husikii kitu, eti? Lakini mwaka 1970 Ashkin alisukuma kwa leza vigololi visivyoonekana kwa macho, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakakishika kigololi kwa mwali mmoja tu uliokusanywa na lenzi. Kibano cha mwanga!

Mwaka uliofuata akanasa bakteria. Leza ya kijani ikawaua. Akabadili, akatumia mwanga wa infraredi, na jamani, wakaishi, wakazaana humo humo kibanoni.

Sasa turudi kwenye damu. Chembe nyekundu ina upana wa mikromita 8 hivi, nayo hupenya vishipa vyembamba kuliko yenyewe kwa kujikunja. Ulaini wake utaupimaje? Unabandika vigololi viwili, kimoja kila upande. Kimoja kinagandishwa kwenye kioo, cha pili kinavutwa na mwanga, nawe unatazama kwa hadubini chembe inarefuka kiasi gani. Nguvu ya mwanga unaijua, urefu unauona, basi. Mwaka 2005 Subra Suresh na wenzake walichapisha vipimo vya chembe zenye vimelea vya malaria. Kimelea kilipokomaa, chembe ilikakamaa hadi mara 10 hivi kuliko chembe nzima. Tena chembe hizo hunata kwenye kuta za vishipa. Ndiyo foleni aliyoisema daktari.

Ashkin alipewa Nobel mwaka 2018, ana miaka 96. Alifariki mwaka 2020.

Mdogo wangu alipona, ila sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Nilipomsimulia haya, akanigeuzia sikio zima. "Kwa hiyo, kaka, damu yangu iligeuka mawe?"

Si mawe, nikamwambia. Kama mpira uliosahauliwa juani.