Mkeka: kazi ya nyumbani iliyotandika historia ya Pwani

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alishuka Mombasa, akalala usiku mmoja, kisha akaendelea na safari ya Kilwa. Aliyoandika kuhusu mji ule ni machache, lakini mlango wa msikiti hakuusahau. Watu walitembea peku, anasema, kwa hiyo kabla ya kuingia kuswali waliosha miguu na kuifuta kwenye vipande viwili vya jamvi zito vilivyowekwa mlangoni. Jina la aliyesuka majamvi yale hakuliuliza. Karibu wote walioandika habari za mwambao huu baada yake nao hawakuuliza.

Kati ya Mombasa na Kilwa, kwenye mwambao huohuo, upo mji wa Bagamoyo. Kilomita tano hivi kusini mwa mji huo yapo magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi, na msikiti wa zamani zaidi umekadiriwa kuwa wa karne ya 13. Mgeni anayezuru Kaole huonyeshwa vyombo vya kauri kutoka China vilivyofukuliwa pale. Haonyeshwi mkeka, kwa kuwa jani la ukindu likifukiwa ardhini huoza. Kauri na mawe vimebaki, vikapata vitabu na makumbusho. Kilichotandikwa juu ya sakafu ile, ambacho watu walikalia, walilalia na kusujudia kila siku, kimetoweka pamoja na majina ya wanawake waliokisuka.

Majani mawili, kazi mbili

Usukaji wa Pwani umesimama juu ya majani ya aina mbili. La kwanza ni ukindu, unaotoka kwenye mkindu, ndugu wa mtende, mti unaopenda kingo za mito na ardhi chepechepe. La pili ni miyaa, majani ya mkoche, ambao huvumilia jua na ardhi kavu. Nchi ya Bagamoyo, kuanzia ufukwe wa Saadani hadi bara kule Ubena Zomozi kwenye barabara kuu ya Morogoro, imekatwa na mito Wami na Ruvu pamoja na vijito vyake, na mahali penye mto hapakosi ukindu.

Miyaa ni migumu na mipana. Hiyo ndiyo ya majamvi, makanda na vikapu vya mizigo. Ukindu ni laini na hupokea rangi vizuri, ndiyo maana hutumika kwa mikeka ya kulalia, misala ya kuswalia na mikeka ya kumkaribishia mgeni wa heshima.

Kazi huanza kwa kukata makuti machanga ya katikati, yale ambayo hayajafunguka. Huanikwa juani mpaka yageuke meupe, kisha huchanwa kwa ukucha au sindano yakawa chane nyembamba zinazolingana. Msukaji huzilowesha kidogo zisikatike, akakaa chini, akabana mwanzo wa ukili, yaani mkanda unaosukwa, kwa kidole gumba cha mguu, na mikono ikaanza kupishanisha. Idadi ya chane ndiyo inayoamua upana wa ukili, na mpangilio wa zile za rangi ndio unaoamua ua. Chane ikikaribia kwisha huchomekewa nyingine, na vishungi vinavyobaki nje hukatwa baadaye kwa wembe. Ukili unavyorefuka ndivyo unavyoviringishwa, na urefu wake hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa.

Ukili ukitosha huja kazi ya kushona. Mikanda hupangwa ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwa sindano nene, kisha pindo hukunjwa pande zote. Hapa ndipo fundi hujulikana. Mkeka wa mwanafunzi huvuta upande mmoja na kukataa kulala chini. Wa fundi hulala wote, na maua ya ukili mmoja hukutana na ya ukili wa jirani bila kupishana.

Rangi za zamani zilitoka porini na jikoni. Mizizi ya mdaa ilichemshwa ikatoa weusi, na manjano ya kupikia yakatoa umanjano. Mwaka 1856 Mwingereza William Perkin aligundua rangi ya kwanza ya viwandani, na viwanda vya Ulaya, hasa vya Ujerumani, vikafuata njia hiyo. Hatimaye rangi za unga zikafika hadi kwenye maduka ya Pwani. Zambarau, kijani kibichi na wekundu mkali wa mikeka ya leo ni matunda ya maduka hayo. Mama aliyekuwa akichimba mizizi akawa ananunua pakiti na kuichemsha kwenye sufuria ileile.

Tanga, karafuu na misafara

Usukaji haukuishia sakafuni. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kuwa vyombo vya watu wa visiwa vya Pemba, Mafia na Unguja vilishonwa kwa kamba, na tanga zake zilikuwa za mikeka ya majani. Vyombo vya namna hiyo, mitepe, viliendelea kuonekana mwambaoni hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo biashara ya Bahari ya Hindi tunayoisoma shuleni, ya dhahabu, pembe za ndovu na nguo, sehemu yake ilisukumwa na upepo uliodakwa na kazi ya mkono wa msukaji.

Karne ya 19 iliongeza mahitaji. Unguja na Pemba zilijaa mikarafuu, na karafuu mbichi haikauki yenyewe. Lazima ianikwe, na ilianikwa juu ya majamvi, kama inavyoanikwa mpaka leo. Bagamoyo nayo ikawa lango la misafara ya bara. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka hapo na mizigo ya pembe, wakasubiri, wakapanda tena na mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya. Mpagazi alihitaji chungu cha kupikia na mkeka wa kulalia. Hata nafaka na chumvi zilihitaji kanda la kutilia.

Majumba ya wenye mali yalikuwa na mazulia ya Uajemi, na mabusati yaliletwa kutoka Maskati. Lakini mazulia yalitandikwa ukumbini kwa wageni. Vyumbani, uani na barazani palikuwa na mkeka. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya tajiri, na katika nyumba ya maskini hapakuwa na kingine.

Kazi ya ndani

Katika miji ya Waswahili mwanamke mwenye heshima zake hakutarajiwa kuzurura sokoni. Kusuka kulimpa kazi ambayo angeifanya bila kuvuka kizingiti, huku mtoto amelala ubavuni na chungu kikichemka. Mkeka ukiisha, mtoto au jirani aliupeleka kuuzwa, na fedha iliyorudi ilikuwa yake. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa fedha pekee ambayo mume hakuihesabu.

Kwa Wazaramo na Wakwere, mwali aliyewekwa ndani alikuwa na muda mrefu wa kukaa, na muda huo ulikuwa darasa. Pamoja na mafunzo ya unyago, alijifunza kusuka. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyeishi Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, aliyachunguza maisha hayo na kuchapa kitabu kuhusu mila za Wazaramo mwaka 1970. Kabla yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa ameeleza desturi za Waswahili tangu kuzaliwa hadi kufa, maelezo yaliyochapwa na Carl Velten mwaka 1903. Ukifuata hatua hizo moja moja, utaona kuwa hakuna hatua isiyo na mkeka: wa mzazi, wa mwali, wa bibi harusi, wa matanga.

Pwani haiko peke yake katika hili. Kule Newfoundland, Kanada, wake wa wavuvi walitumia majira ya baridi kuvuta vipande vya matambara na sufu kwa ndoano kupitia magunia, wakatengeneza mazulia madogo ya sakafuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 misheni ya daktari Wilfred Grenfell ilianza kuyanunua na kuyauza mijini. Kilichokuwa kazi ya kupitisha wakati kikawa bidhaa yenye bei, na leo mazulia ya Grenfell yanatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Wavuvi wao na wavuvi wetu hawakufanana kwa hali ya hewa, lakini wake zao walifanana kwa saa za kazi: katikati ya kazi nyingine, bila mshahara.

Gunia, plastiki, na bei

Pigo la kwanza kwa wasukaji wetu lilikuwa gunia. Magunia ya juti kutoka India yalichukua kazi ya makanda. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaleta katani, na mashamba yake yakaenea kuanzia Tanga na Pangani. Kamba na magunia vikawa vitu vya kiwanda. Baada ya uhuru serikali ilijaribu kuinua kazi za mikono, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ni moja ya matunda ya juhudi hizo. Hata hivyo mkeka uliendelea kuuzwa vilevile, mlango kwa mlango.

Pigo kubwa zaidi lilikuja biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990. Mkeka wa plastiki uliingia ukiwa mwepesi, wenye maua ya kuvutia, unaooshwa kwa maji na kuanikwa kambani, tena kwa bei ambayo msukaji hawezi kuishindania. Misikiti mingi ikaweka kapeti. Siku hizi hata matangani utaona plastiki imetandikwa karibu na jamvi la miyaa.

Malighafi nayo imesogea mbali. Mabonde ya mito yamelimwa, na Saadani, iliyokuwa pori la akiba, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, hivyo si kila kichaka cha mikindu kinachoingilika kwa panga. Kukata bila kupanda nako kuna mwisho wake.

Dalili njema zipo. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na vikapu vya ukili vikarudi mikononi mwa watu sokoni. Mwaka huohuo UNESCO iliingiza ujuzi na mila za mtende kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia usioshikika, kwa maombi ya nchi 14, Oman ikiwamo. Ndani ya mila hizo umo usukaji wa majani, unaofanana sana na wetu: ukili husukwa kwanza, kisha hushonwa. Ndugu wa mkindu amepata cheti. Mkindu wenyewe haujapata.

Kinachouangusha mkeka, hata hivyo, ni kitu kilichoanza zamani kuliko plastiki. Kwa kuwa husukwa nyumbani, katika saa zinazoitwa za mapumziko, mnunuzi hulipia majani na rangi, akaona kazi yenyewe ni bure. Mabinti wanaliona hilo. Ndiyo maana wengi huona afadhali kukaanga vitumbua, ambavyo faida yake huonekana kabla ya adhuhuri.

Yapo yanayowezekana bila kusubiri mradi. Halmashauri za Bagamoyo na Chalinze zinaweza kuotesha miche ya mkindu. Shule zinaweza kuandika majina ya maua ya ukili kutoka kwa bibi za wanafunzi kabla hayajapotea. Makumbusho inaweza kuweka mkeka kando ya kauri ya Kichina, pamoja na jina la aliyeusuka. Nawe msomaji, ukinunua mkeka, uliza umechukua siku ngapi kusukwa, kisha lipa ukihesabu siku hizo.