Redio ya Ridhaa

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio anayoyafanya mtu binafsi kwa hiari yake, bila malipo wala faida, ili ajifunze, azungumze na wenzake na kujaribu mitambo. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) zinaongeza sharti ambalo wengi hulisahau: mtu huyo awe ameidhinishwa. Kenya mwenye kutoa idhini ni Mamlaka ya Mawasiliano. Tanzania ni mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA.

Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapa, “amateur”, lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa, na maana yake ya kwanza ni mpenda jambo. Kiingereza kililipokea vizuri, kisha matumizi yakalishusha hadhi hadi likawa pia jina la mbabaishaji. Hapo ndipo mfasiri anapoteleza. Akiandika “redio ya wanagenzi” atakuwa amewavunjia heshima watu ambao baadhi yao huunda mitambo yao wenyewe, tangu waya wa kwanza hadi wa mwisho. Wenyewe hujiita “ham”, jina lililoanza kama kejeli ya wapiga telegrafu kwa mwenzao asiyejua kazi. Kulifasiri jina hilo neno kwa neno kungeleta paja la nguruwe mezani, na hakuna klabu ya pwani itakayolitundika mlangoni.

Ridhaa limekwisha kuizoea kazi hii uwanjani. Kuna ndondi za ridhaa na ndondi za kulipwa, na msikilizaji wa habari za michezo haulizi tofauti yake. Neno lenyewe ni la asili ya Kiarabu, na kiini chake ni kukubali kwa moyo. Kilatini kilitazama mapenzi. Kiswahili kinatazama hiari: hakuna aliyemtuma mtu huyu, wala hakuna anayemlipa. Kwa redio, hiari ndiyo yenye uzito, maana masafa ya redio ya ridhaa hayaruhusiwi kufanyiwa biashara. Kasoro ya neno ni kwamba hospitalini na mahakamani ridhaa ni kibali, hivyo msomaji anaweza kudhani inasemwa redio iliyoruhusiwa. Akidhani hivyo hapotei sana, kwa kuwa pasipo leseni redio ya ridhaa haipo.

Utata mkubwa zaidi umo katika neno redio. Njukini, kaskazini ya mji wa Taveta, ukitaja redio mtu hufikiria kifaa kinacholeta taarifa ya habari jikoni, au kituo kinachoitangaza. Kituo husema na wengi wasiokijibu. Redio kol za walinzi, na zile za askari wa wanyamapori wa Tsavo, hujibizana, lakini ni vyombo vya kazi. Redio ya ridhaa ni mtu kwa mtu, pande zote mbili zikisema na kusikia. Wazee walikuwa na “simu ya upepo”, jina zuri ambalo pengine liliachwa mapema mno.

Njukini yenyewe inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Upande wa magharibi umesimama Kilimanjaro, mita 5,895, na mawimbi ya megahezi 144, ambayo husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, hugonga mlima yakaishia hapo. Mwenye kutaka kuuvuka hushuka hadi megahezi 7. Atahitaji waya wa shaba wa mita 20 hivi, nusu ya urefu wa wimbi, uliokatwa katikati, kebo ikafungwa hapo, na ncha zake zikavutwa kwa kamba kati ya miembe miwili. Betri ya gari ya volti 12 inatosha kuwasha mtambo. Mawimbi hayo hupanda hadi ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lililochajiwa na jua, nalo huyarudisha chini. Mchana hufika mamia ya kilomita, umbali wa kutosha kwa Nairobi na Mombasa. Usiku, tabaka la chini linaloyanyonya linapofifia, huweza kufika Ulaya.

Kila kituo huwa na jina lake la herufi na tarakimu, ambalo hapa litaitwa alama ya wito. La Kenya huanza na 5Z, la Tanzania 5H. Kabla ya uhuru Kenya ilikuwa VQ4, Tanganyika VQ3 na Zanzibar VQ1. Alama hufuata nchi iliyoitoa. Mpaka wa Tanzania uko karibu mno na Njukini, na Ziwa Chala limekatwa nao, lakini mwenye 5Z akiingia Rombo na mtambo uleule hana ruhusa ya kurusha hadi Tanzania imkubalie. Hewani cheo nacho hakisemi sana: Sultan Qaboos wa Oman aliitwa A41AA, kwa alama ya wito kama wengine.

Si kila kitu kitafsiriwe. QSL, yaani “nathibitisha kupokea”, ambayo pia ni jina la kadi wanazotumiana baada ya kusikilizana, ni msimbo uliobuniwa ili watu wasiojua lugha moja waelewane kwa alama za Morse. Ukiuswahilisha umeuua.

Yaliyobaki hufuata sarufi bila taabu. Anayeendesha kituo ni mwanaredio wa ridhaa, wingi wanaredio wa ridhaa. Wakikusanyika wanaunda klabu ya redio ya ridhaa. Chama cha kitaifa cha Kenya, kijulikanacho kwa kifupi ARSK, kinaweza kuitwa Chama cha Redio ya Ridhaa Kenya bila kupunguza kitu. “Redio ya amachua”, ambayo haimwambii Mswahili chochote, iachwe.